Ugoko Unauma na Kocha Anasema Nivumilie: Niendelee Kukimbia?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke, mwalimu wa sekondari, nina miaka 37, naishi Uyole, Mbeya. Tangu mwezi Machi nimo katika kikundi cha jogingi, na sasa tunajiandaa kwa mbio za kilomita 21 zitakazofanyika baada ya wiki 7. Wiki 5 zilizopita kocha alituongezea umbali kutoka kilomita 15 kwa wiki hadi 35, na kila Jumamosi tunapanda njia za mlima Loleza na kushuka. Jumapili na Jumatatu mapaja yananiuma kiasi kwamba kushuka ngazi ni taabu. Halafu kuna ugoko wa kulia, upande wa ndani. Wiki 3 zilizopita ulikuwa unaanza kuuma nikifika kilomita ya 6. Sasa unaanza kabla ya kilomita ya 2, naweza kupaonyesha panapouma kwa kidole kimoja, na juzi uliniamsha usiku. Kocha anasema mwili hudeka na ukiusikiliza hutafika popote, na hutukumbusha habari za Akhwari, mkimbiaji wetu wa Olimpiki. Mama mkwe anasema ni baridi iliyoingia kwenye mfupa, hivyo ananikanda kwa maji ya moto. Nikimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya kukimbia napata nafuu. Pia nimeacha chakula cha usiku ili nipunguze uzito. Je, nivumilie au nipumzike?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Umeuliza swali moja, lakini barua yako imebeba maumivu ya aina mbili yasiyofanana, na jibu la moja haliwezi kuwa jibu la jingine. Mapaja yako yanaweza kuendelea na kazi. Ugoko wako hauwezi. Kuanzia leo acha kukimbia, acha kupanda Loleza, acha kumeza diklofenaki kabla ya mazoezi, na ndani ya wiki hii nenda ukapimwe mguu huo. Sipendi kuamua juu ya mguu ambao sijaushika kwa mikono yangu, lakini mambo matatu uliyoyaandika mwenyewe yananitosha kukusimamisha: maumivu yanaanza mapema zaidi kadiri wiki zinavyopita, yamejikusanya mahali pamoja, na yamefikia kukuamsha ukiwa umelala, wakati ambapo mguu haubebi mzigo wowote.

Nianze na mapaja, kwa kuwa hapo kocha wako yuko sahihi. Kushuka mlima huumiza misuli kuliko kupanda, jambo linalowashangaza wengi kwa sababu kupanda ndiko kunakochosha. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikunja na kukusukuma juu. Unaposhuka, misuli hiyohiyo hulazimika kurefuka huku ikiwa imekaza ili kukuzuia usiporomoke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayojeruhi nyuzi zake ndogondogo. Mwili unapozitengeneza nyuzi hizo ndipo yanapokuja maumivu yanayoanza saa 12 hadi 24 baada ya mazoezi, yanayofika kilele kati ya siku ya 1 na ya 3, kisha yanakwisha yenyewe ndani ya wiki. Viwanjani utasikia kwamba ni asidi iliyobaki ndani ya misuli. Sivyo, kwani kinachoitwa asidi hiyo hurudi katika kiwango chake cha kawaida ndani ya saa 1 hivi baada ya kupumzika, na hakiwezi kulaumiwa kwa kinachokuuma Jumatatu asubuhi ukiwa ubaoni. Maumivu haya utayatambua kwa kuwa yapo katika mapaja yote mawili, yametapakaa kwenye nyama nzima, hupungua ukishatembea kidogo, na ukirudia mteremko uleule wiki zinazofuata huwa hafifu kuliko mara ya kwanza. Siku hizo mbili tembea tu au endesha baiskeli taratibu. Liko jambo moja tu la kuliogopa hapo, nalo ni nadra: baada ya zoezi kali kupita kawaida yako, misuli ikivimba na kulegea na mkojo ukawa wa rangi ya chai nzito au soda nyeusi, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu vitu vinavyovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika huweza kuziumiza figo.

Kuhema nako kusihesabiwe kuwa maumivu. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kilele cha Loleza kinapita mita 2,600, kwa hiyo kila pumzi unayovuta huko juu ina oksijeni pungufu kuliko ile anayovuta mkimbiaji wa Dar es Salaam. Moyo kwenda mbio na miguu kuwaka moto kwenye mwinuko ni taabu ya kazi, na taabu hiyo hutulia dakika chache baada ya kupunguza mwendo. Hiyo ndiyo ya kuvumilia, na mwanamichezo asiyejifunza kuivumilia hapati maendeleo. Kifua kinachobana au kuuma, maumivu yanayokwenda kwenye mkono au taya, kizunguzungu cha kukaribia kuzimia, hayo hayamo katika hesabu ya uvumilivu hata kidogo. Mtu husimama palepale na kupelekwa hospitali, awe kijana au mzee.

Sasa ugoko. Muundi, yaani ule mfupa mkubwa ulio kati ya goti na kifundo cha mguu, ni kitu hai kinachojibadilisha kulingana na kazi unayoupa. Unapoanza kuukimbiza umbali ambao haukuuzoea, mfupa hujijenga upya, na ujenzi huo huanza kwa kubomoa: kwanza seli maalumu hula sehemu zilizochoka kwa muda wa takriban wiki 3, ndipo seli nyingine zije kujaza mfupa mpya, kazi ambayo huchukua takriban miezi 3 kukamilika. Ni kama matengenezo ya barabara yetu kuu ya kwenda Zambia, ambako mafundi huchimba kwanza lami mbovu, na katika siku zile kabla ya kufukia barabara huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla hawajafika, huku malori yakiendelea kupita. Sasa tazama kalenda yako. Wiki 5 zilizopita umbali uliongezeka zaidi ya mara mbili kwa mpigo, na wiki 2 baadaye ugoko ukaanza kuuma. Mfupa ulikuwa katikati ya kubomoa, na mzigo haukupungua hata siku moja.

Tatizo la namna hii huenda kwa hatua. Mwanzoni huumia ukingo wa ndani wa mfupa pamoja na tishu zilizoushika, na maumivu hutanda kwa urefu wa vidole vitatu, vinne au zaidi. Hukera dakika za kwanza za mbio, kisha hupungua mwili ukipata moto. Wengi waliofika hatua hiyo hupona kwa kupunguza umbali tu, bila kuacha kabisa. Hatua inayofuata ni ile ambayo mgonjwa anaweza kuonyesha panapouma kwa kidole kimoja, maumivu huongezeka kila anapozidi kukimbia badala ya kupungua, na mwishowe humfuata hadi kitandani. Hapo mfupa wenyewe huenda umeanza kupata ufa mdogo. Sisemi kwamba wako umepasuka. Nasema maelezo yako yanafanana zaidi na hatua hii ya pili, na katika hali hiyo anayepaswa kuthibitisha kwamba mguu ni salama ni mpimaji, si wewe kwa kuujaribu barabarani. Ufa wa upande wa ndani wa muundi, ukipumzishwa mapema, kwa kawaida huruhusu mtu kuanza kurudi mbioni baada ya wiki 6 hadi 8. Ukikimbiwa juu yake unaweza kukamilika na kuwa mvunjiko halisi, na hapo tunazungumzia plasta au upasuaji, na miezi mingi ya kutosimama darasani.

Kwa hiyo ninapoambiwa na mkimbiaji kwamba anaumwa, simuulizi anaumwa kiasi gani, kwa maana watu wa Nyanda za Juu wamelelewa kujibu kwamba ni kidogo tu. Namuuliza panauma wapi, maumivu yanakwendaje kadiri anavyoendelea kukimbia, na asubuhi ya siku ya pili yakoje. Maumivu yaliyotapakaa kwenye nyama, yanayopungua kwa kukimbia na yasiyokuwapo tena baada ya siku mbili tatu, naweza kuyaacha. Maumivu ya nukta moja juu ya mfupa, yanayokua kwa kila kilomita na kuamka na mtu kesho yake, siyaachi hata kama anayapa alama 2 kati ya 10. Vivyo hivyo kwa maumivu ya ndani ya kinena au nyonga yanayokuja mtu anapokanyaga, kwa sababu ufa wa shingo ya mfupa wa paja, pale unapoungana na nyonga, ni hatari kuliko wa ugoko na haupaswi kusubiri hata siku chache. Na kwa kiungo kilichovimba, kinachojifunga au kinachoteguka chenyewe. Na kwa mguu unaokufa ganzi.

Kano, yaani kamba zinazoshikilia misuli kwenye mifupa, ziko kwenye kundi lake, nalitaja kwa ufupi ili wenzako wa kikundini wasije wakaacha kukimbia wote kwa kusoma barua yako. Mwenye kano ya kisigino iliyokakamaa, ambayo huuma asubuhi hatua za kwanza na kulegea baadaye, mara nyingi hudhurika zaidi kwa kulala kitandani kuliko kwa kuendelea na mazoezi yaliyopimwa. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2007 uliwaruhusu wagonjwa wa aina hiyo kuendelea kukimbia na kuruka, mradi maumivu yasizidi 5 kati ya 10, yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata, na yasiongezeke wiki hadi wiki; hawakupona vibaya kuliko wale walioacha kwanza. Kano huruhusu maumivu kiasi. Mfupa unaoshukiwa kuwa na ufa hauruhusu hata alama 1.

Nije kwa Akhwari, kwa sababu najua jina hilo lina uzito gani kwa Mtanzania, na kocha anayelitaja si rahisi kumbishia. John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni za Olimpiki jijini Mexico, Oktoba 1968, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akamaliza wa mwisho kati ya wote waliomaliza, zaidi ya saa 1 baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kutoka mbali kote kule kwenda kuanza mbio, bali kuzimaliza. Namheshimu kama wewe. Lakini ule ulikuwa uamuzi wa siku moja, wa mwanariadha wa taifa, katika mbio ambazo zisingerudiwa, na jeraha alilipata akiwa tayari yumo njiani. Hakujiandaa kwa Olimpiki kwa wiki kadhaa huku akikanyagia goti bovu. Mwaka 1970 alishika nafasi ya 5 katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, na mtu hafiki huko kwa goti ambalo halikupewa nafasi ya kupona. Mfano wake unafaa kumfundisha mkimbiaji asikate tamaa mbele ya mstari wa mwisho. Haufai kumfundisha afanye mazoezi ya Jumanne asubuhi juu ya mfupa unaomwamsha usiku.

Kuhusu diklofenaki nitakuwa mkali kidogo. Nafuu unayoipata ndiyo ubaya wake. Dawa hiyo haiurudishi mfupa katika hali yake. Inakuondolea taarifa pekee uliyokuwa nayo, ukakimbia kilomita 8 pale ambapo mguu ungekusimamisha kwenye ya 2. Zaidi ya hapo, dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mtu anayekimbia mwinuko akiwa amepungukiwa maji tayari figo zake zina shida ya damu. Tena huchubua tumbo, hasa likiwa tupu, na wewe ukikimbia alfajiri unakuwa hujala tangu mchana wa jana. Panadoli ni nyepesi kwa figo na tumbo ikimezwa kwa kipimo chake, lakini nayo haifai kuwa tiketi ya kwenda mbioni. Ukihitaji dawa ndipo uweze kufanya zoezi, basi zoezi hilo halijafika wakati wake.

Mama mkwe usimvunje moyo. Baridi ya Juni na Julai hukaza misuli na viungo, na ndiyo maana nasisitiza dakika 10 za kutembea haraka na kupasha mwili moto kabla ya kukimbia asubuhi za huku kwetu. Maji ya moto kwenye mapaja yako ya Jumapili ni jambo jema na sioni sababu ya kuliacha. Lakini baridi haiingii ndani ya mfupa na kutoboa nukta moja, na ile nukta isikandamizwe wala kuchuliwa kwa nguvu. Mwombe ahamishie mikono yake kwenye mapaja.

Jambo uliloliandika mwishoni kana kwamba ni la pembeni, yaani kuacha chakula cha usiku, kwangu limekaribia kuwa la kwanza. Umeongeza mbio zaidi ya mara mbili na wakati huohuo umepunguza chakula, kwa hiyo mwili umeombwa ujenge mfupa bila kupewa vifaa. Kwa mwanamke mwili hujibu upungufu huo kwa kubana homoni, na dalili ya wazi ni hedhi kuchelewa, kuwa hafifu au kukatika. Homoni hizo ndizo pia zinazoulinda mfupa usibomolewe kupita kiasi. Kama hedhi yako imebadilika tangu Machi, mweleze daktari hata asipokuuliza, kwa maana wengi hawaulizi mgonjwa aliyekuja na mguu, na kama kuna uwezekano wa ujauzito sema kabla ya kupigwa picha yoyote. Rudisha chakula cha usiku leo. Mbeya hatuna udhuru: viazi vipo, maharage yapo, parachichi na maziwa vipo, na dagaa wa Ziwa Nyasa wanaoliwa na mifupa yao wanakuletea madini ya kalisi (kalsiamu) kwa bei nafuu. Uzito utaushughulikia mguu ukishapona.

Raba hukuzitaja. Watu huzilaumu kupita kiasi, na mimi sioni kwamba ndizo zilizokuumiza, lakini kama ni za mtumba kutoka soko la Mwanjelwa zikague: zikiwa zimelalia upande mmoja ukiziweka mezani, au soli ya ndani imekuwa ngumu kama ubao, mwenye nazo wa kwanza alishamaliza kazi yake.

Ukienda hospitali, iwe ya wilaya au ya rufaa, eleza hivyohivyo ulivyonieleza mimi, hasa habari ya usiku. Watakubonyeza muundi kuanzia juu hadi chini, na huenda wakakupiga picha ya eksirei. Hapa kuna mtego ambao umewarudisha wengi barabarani: katika wiki 2 au 3 za mwanzo ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, kwa hiyo picha safi haimaanishi mfupa mzima. Kipimo kinachouona mapema ni MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, ambacho ni ghali na hakipo kila mahali. Pale kisipopatikana, mtaalamu makini humchukulia mgonjwa kama mwenye ufa, humpumzisha, na hurudia eksirei baada ya wiki kadhaa, wakati mfupa mpya umeanza kuonekana. Ukiambiwa hivyo usidhani wamekosa la kufanya. Na kama hata kutembea kunauma, omba magongo. Wala usione haya kuingia nayo darasani.

Kupumzika ninakokusema si kukaa kitako. Baiskeli isiyoleta maumivu inaruhusiwa, na mazoezi ya nyonga, tumbo na mgongo ukiwa umelala mkekani yanaruhusiwa tangu siku ya kwanza. Kutembea kukiwa hakuumi na nukta ile ikibonyezwa haijibu, anza kuinuka kwa vidole vya miguu ukishika ukuta, kwa sababu shavu la mguu lenye nguvu huupunguzia muundi mzigo. Aliyekupima akisharidhika, ndipo unaanza kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 4, kwenye tambarare ya udongo ulioshindiliwa badala ya lami, siku moja moja ikipishana na mapumziko. Ongeza muda kwanza, kasi baadaye, na miteremko ya Loleza iwe ya mwisho kabisa kurudi. Mfupa ukiuma, rudi hatua moja nyuma na usubiri siku kadhaa; mapaja peke yake yakiuma, hiyo si sababu ya kurudi nyuma.

Zile kilomita 21 za baada ya wiki 7 zitoe kwenye mipango yako sasa, uwaombe waandaaji wakuhamishie jina kwenye umbali mfupi wa kutembea au wakupe nafasi ya mwaka kesho kama utaratibu wao unaruhusu. Hata vipimo vikionyesha kwamba ni ukingo tu ulioumia na mfupa hauna ufa, muda uliobaki hautoshi kupona na kujenga umbali huo tena bila kurudia kosa lilelile la kuongeza kwa mpigo. Ukishapimwa niandikie walichokuta, hali ya hedhi yako, na ikiwa ugoko umeacha kukuamsha. Kwa taarifa hizo naweza kukupangia wiki za kurudi, na nakala ya ratiba hiyo ningependa kocha wako aione.